Kitabu Kipande Basi: Ushauri kwa Msomaji wa Kinsevere

Kinsevere inajulikana kwa shaba. Mgodi uko kilomita 30 hivi kaskazini mwa Lubumbashi, MMG wanauendesha tangu walipoichukua kampuni ya Anvil Mining mwaka 2012, na ukimtajia mtu wa mjini jina la mahali hapa atakuuliza habari za ajira, hatakuuliza unasoma nini. Mpenzi wa vitabu anayeishi huku, awe dereva wa mtambo, mwalimu, muuguzi au mama mwenye meza sokoni, amezoea kuambiwa kwamba kusoma ni starehe ya watu wenye umeme wa uhakika na Jumapili ndefu. Mimi sikubaliani na maneno hayo.

Kinachomsumbua msomaji wa huku ni njia. Vitabu vipo Lubumbashi, muda upo kwa vipande vipande, hamu ipo tele, lakini vitatu hivyo havikutani. Na wakati huohuo mambo mengine yote yamekwishapata njia zake: wafanyakazi wana basi, shaba ina malori, pesa ina siku yake ya mwezi, majirani wana likelemba, mchango wao wa kupeana pesa kwa zamu. Basi usihangaike kujitengenezea maisha ya msomaji wa Paris. Pandisha kitabu kwenye yale yanayotembea tayari.

Tuanze na basi lenyewe. Zamu ya saa kumi na mbili ni kitu cha kawaida migodini. Anayekushauri usome kurasa hamsini kila usiku hajawahi kuvua buti saa moja jioni, akaoga kwa ndoo, akala bukari yake, kisha akamkuta mtoto anamngojea na daftari la hesabu. Jioni ya siku ya kazi iache ipumzike. Saa yako ni ile ya safari ya asubuhi, wakati akili haijatumika bado. Safari ya kurudi ni ya usingizi. Ukilazimisha utarudia mstari mmoja mpaka unashuka.

Ndani ya basi kuna masharti. Usikae juu ya tairi la nyuma, herufi zitacheza ndombolo. Kofia ngumu ya kazi iweke magotini na kitabu juu yake, utapata meza nzuri kuliko nyingi za shuleni. Chagua kitabu cha sura fupi: hadithi fupi, tamthilia, mashairi, au riwaya iliyokatwa vipande vidogo. Riwaya nene yenye majina thelathini ya ukoo mmoja ibaki nyumbani ikingoja siku zako za mapumziko, maana ukiisoma kwa dakika arobaini kila asubuhi utakuwa unasahau nani alimwoa nani. Wenzako watakucheka kidogo wiki ya kwanza, watasema bwana amekuwa profesa. Dawa yake ni kuwasomea kipande kimoja cha kuchekesha kwa sauti. Wiki ya pili watakuuliza yule jamaa wa jana ilikuwaje.

Kwa mama mwenye meza ya biashara hesabu ni nyingine. Yeye ana saa nyingi lakini zote zina shimo katikati, kwa kuwa mteja haji kwa ratiba. Namshauri achague kitabu anachoweza kukifunga wakati wowote bila uchungu: historia, maisha ya watu, hata kitabu cha afya. Riwaya ya kusisimua sokoni ni hatari, utamjibu mteja vibaya kwa sababu umemwacha mtu anakaribia kuuawa.

Njia ya pili ni siku ya kushuka mjini baada ya mshahara. Hapa ushauri wangu ni mkali kidogo: pesa ya kitabu itoke kwenye bahasha kabla hujatoka nyumbani, iende mfuko mwingine. Ukisubiri mpaka umalize soko, hakuna kitakachobaki. Lubumbashi ina duka la vitabu la Médiaspaul, ambalo wengi wanalijua kwa vitabu vya dini lakini lina mengine pia. Halle de l'Étoile, nyumba ya utamaduni wa Kifaransa katikati ya mji, ina maktaba. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho mizizi yake ni ya miaka ya 1950, kina maktaba zake. Kama una ndugu anayesoma pale, yeye ndiye mlango wako. Kabla hujasafiri, mtu apige simu au apite kuuliza saa za kufungua. Kukuta kufuli baada ya safari kama hiyo kunaweza kumwachisha mtu kusoma kwa mwaka mzima.

Lakini wengi wetu tunanunua kando ya barabara, vitabu vimetandikwa chini kwenye turubai, Balzac amelala juu ya kitabu cha uhasibu. Kitabu kipya kilichotoka Ulaya kinaweza kula pesa ya mfuko wa unga, kwa hiyo turubai si mahali pa kudharau. Jifunze kukagua. Fungua mwisho kwanza: kurasa za mwisho ndizo zinazochanika mapema, na hakuna hasara kubwa kama riwaya ya upelelezi isiyo na mwuaji. Kisha pitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa. Kitabu cha kushonwa huachia kwa vifungu, mara nyingi vya kurasa kumi na sita, kwa hiyo ukikuta namba imeruka kutoka 96 hadi 113 ujue kifungu kizima kimekwenda. Nusa katikati, harufu ya ukungu haitoki. Tazama mgongo kama kuna vijia vya udongo, hao ni mchwa, na utawapeleka nyumbani kwa vingine. Halafu tafuta muhuri. Kikiwa na muhuri wa maktaba ya shule, mwachie muuzaji. Kuna mtoto mahali fulani anakitafuta.

Bei isiulizwe mapema. Shika vitabu vitatu, uulize cha kwanza usichokitaka.

“Papa, hiki unatoa ngapi?” atakuuliza yeye, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Muuzaji akishakujua sura atakuwekea vitu. Mwambie waziwazi unachotafuta, mwachie namba yako ya simu, na akikuitia kitabu njoo kweli ununue, angalau mara ya kwanza.

Hapo linakuja swali la vitabu vya sasa. Msomaji wa huku ana wasiwasi kwamba yuko nyuma, kwamba kitabu kinachosifiwa leo redioni kitamfikia baada ya miaka miwili au mitatu. Ni kweli kitachelewa. Kwangu mimi ucheleweshaji huo ni chujio lisilo na gharama. Vitabu vingi vinavyopigiwa kelele mwezi wa kutoka kwavyo havina wa kuvitaja mwaka wa pili. Kinachofika hadi kwenye turubai la Lubumbashi kikiwa bado kinaombwa kimeshapita mtihani. Usilipie haraka ya watu wengine.

Mimi ningependa uanze na vitabu vinavyoijua ardhi unayoikanyaga, na vipo kuliko unavyodhani. Fiston Mwanza Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981, sasa anaishi Graz, Austria. Riwaya yake Tram 83 ilitoka 2014, ikamletea tuzo ya Etisalat ya mwaka 2015. Ni habari ya mji wa migodi, baa moja ya usiku, wachimbaji, wanafunzi, wanaotafuta na wanaotafutwa, na mwandishi aitwaye Lucien anayejaribu kuandika katikati ya fujo hiyo. Wengi wanaiacha ukurasa wa ishirini kwa sababu wanaisoma kimyakimya. Isome kwa sauti. Imeandikwa kwa mapigo ya muziki, sentensi zinarudi kama kiitikio, na sikio litaelewa pale ambapo jicho limechoka. Ukiipenda, fuata na La Danse du vilain ya mwaka 2020.

Baada ya hapo mtafute Sinzo Aanza na Généalogie d'une banalité, ya mwaka 2015, ambamo watu wa mtaa mmoja wa Lubumbashi wanachimba shaba chini ya nyumba zao wenyewe. Sidhani kuna mahali duniani ambapo riwaya hiyo inahitaji maelezo machache kuliko huku kwetu. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha Lubumbashi kabla ya kuhamia Marekani, alifariki mwaka 2025, na tangu hapo watu wengi wanaulizia vitabu vyake. Tafadhali usianze na The Invention of Africa ya 1988 eti kwa kuwa ndicho kinachotajwa sana. Ni kitabu cha wanafalsafa, kitakuvunja moyo bure. Anza na Entre les eaux, riwaya ya 1973 kuhusu padri anayejiunga na waasi wa msituni. Ni fupi, inauma, na utaimaliza.

Wenye wazazi waliofanya kazi Union Minière au Gécamines wasikose Bana Shaba abandonnés par leur père cha Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichotoka 2001. Kinaeleza jinsi kampuni ilivyokuwa baba wa familia za wafanyakazi, ikitoa nyumba, unga, shule na hospitali, na kilichompata mwenye mamlaka nyumbani kampuni ilipoanguka. Ni kitabu cha kitaaluma, kina majedwali, yaruke bila aibu. Lakini msomee baba mzazi kipande kimoja uone atakavyokukatiza kila aya.

Na kuna kijitabu ambacho kingekuwa kwenye kila nyumba ya Haut-Katanga kama ningekuwa na uwezo. Mwaka 1965 André Yav, pamoja na wenzake waliokuwa watumishi wa nyumba za wazungu, waliandika historia ya Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, kwa Kiswahili cha hapahapa, wakaipa jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ni historia kutoka jikoni na uani, ya watu waliobeba chai na kusikia yote. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na maandishi yenyewe yamewekwa kwenye intaneti bila malipo katika hazina ya maandishi ya Kiswahili cha watu inayoitwa Archives of Popular Swahili. Maneno yameandikwa kama yalivyosikika, mara yameunganishwa, mara yamekatwa, nukta hazieleweki. Fabian mwenyewe alihitaji msaada wa Kalundi Mango, mtu wa Lubumbashi, aliyeyasoma kwa sauti ndipo maana ikatoka. Wewe fanya hivyohivyo. Pakua kurasa chache, kaa na mzee aliyekulia mitaa ya mjini ya Kenya, Katuba au Kamalondo, msomee polepole. Utashangaa ni sentensi ngapi zilizokutoa jasho peke yako ambazo yeye atazimalizia kabla hujafika mwisho.

Kuhusu vitabu vya wageni juu ya migodi yetu, soma, lakini na kalamu mkononi. Cobalt Red cha Siddharth Kara, cha mwaka 2023, kimesomwa sana Marekani na Uingereza, na pia kimekosolewa vikali na watafiti wa Kongo. Wewe unayeishi kando ya mgodi una haki zaidi ya kukihukumu kuliko mhakiki wa New York. Weka alama pembeni: hapa ni kweli, hapa ameongeza chumvi, hapa hakuuliza. Ukisoma hivyo utatoka na maoni yako mwenyewe.

Njia ya tatu ni malori, nayo ni kwa ajili ya vitabu vya Kiswahili. Msomaji wa Lubumbashi amesoma shule kwa Kifaransa, anazungumza Kiswahili mchana kutwa, lakini riwaya ya Kiswahili hajaishika. Ziko nyingi, ila ziko Dar es Salaam. Malori yanayopeleka shaba bandarini yanapita mpaka wa Kasumbalesa, yanakata Zambia hadi Tunduma, na yakirudi huku yanabeba kila kitu kuanzia vipuri hadi mitumba. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 watu wanazungumza mengi juu ya biashara. Mimi nasema mwagize dereva kitabu. Masharti ni haya. Mtumie dereva unayemfahamu au anayefahamika na mtu wako. Mwandikie jina la kitabu, la mwandishi na la mchapishaji kwenye karatasi na pia kwenye simu, maana “kile cha yule Mzanzibari” kitakuletea kitu kingine kabisa. Mwelekeze duka moja, kwa mfano TPH kwenye barabara ya Samora, asizunguke mji mzima. Lipa mapema na uweke kitu cha soda. Agizeni watu kadhaa kwa pamoja ili mzigo uwe na maana, na msimharakishe. Foleni ya Kasumbalesa haijui kwamba unangojea sura ya kumi.

Cha kuagiza? Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad au Vuta N'kuvute, kwa anayependa hadithi inayokwenda mbio. Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, kwa mwenye mabinti au mwenye moyo wa kubishana. Kiswahili cha pwani kitakukwaza kurasa za mwanzo. Usisimame kwenye kila neno. Piga mstari chini yake, endelea, na ifikapo sura ya tatu nusu ya yale uliyoyapigia mstari utakuwa umeyaelewa yenyewe. Yaliyobaki ndiyo ya kutafutia kamusi.

Simu nayo inasaidia, mradi isigeuzwe kuwa kila kitu. Pakua ukiwa mjini penye mtandao mzuri ili usiteketeze mega zako, zima data wakati wa kusoma, punguza mwanga. Kwa watoto kuna African Storybook, hadithi fupi zenye picha, bure, kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi. Chagua moja ya kurasa chache, ipeleke kwenye fotokopi, ishone kwa uzi. Mtoto anaiheshimu zaidi karatasi anayoweza kuandika jina lake juu yake.

Utunzaji hauna siri. Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, adui ni vumbi jekundu. Mvua zikianza, unyevu na mchwa. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, iliyowekwa juu ya matofali mbali na ukuta, ni kabati bora kuliko rafu nyingi za mbao. Tia ndani kipande cha mkaa mkavu kilichofungwa kwenye kitambaa, ukibadilishe mara kwa mara. Siku ya jua funua ndoo, pepea kurasa, rudisha. Jalada livalishe karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita. Usiku SNEL wakikata umeme, na vijiji vingi vya pembeni havina hata umeme wa kukatwa, taa ya kichwani ya kuchaji inafaa kuliko mshumaa: haidondoshi nta, haichomi chandarua.

Nimeacha likelemba mwisho kwa sababu ndiyo inayoshikilia yote. Kila mtu huku anajua likelemba ya pesa inavyokwenda. Fanyeni ya vitabu. Watu wanane wanatosha. Zaidi ya hapo inageuka mkutano wa kisiasa. Kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kidogo, na mwenye zamu ananunua kitabu anachokitaka yeye, bila kupigiwa kura, maana kura huleta vitabu ambavyo hakuna anayevichukia na hakuna anayevipenda. Kitabu kinabaki chake, lakini lazima kizunguke kwa wote kwanza. Daftari moja liandikwe jina, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Mtunza daftari asiwe msomi kuliko wote. Awe yule anayekaa karibu na kituo cha basi, kwa kuwa wote wanapita kwake.

Mzozo utakuja kwenye kuchelewa na kupoteza, kwa hiyo semeni mapema. Aliyepoteza ananunua kingine, au kisipopatikana, analipa pesa kamili ya siku hiyo, awe shemeji awe mkubwa wa zamu. Aliyechelewa anaruka zamu ya kupokea kitabu kinachofuata. Msitozane faini za franki mia mia, zinaleta chuki bila kuleta kitabu. Na mkikutana, msianze kwa kuulizana kama kitabu ni kizuri. Anzeni na mtu mmoja asimulie kwa Kiswahili, hata kama kitabu ni cha Kifaransa, kama anayemsimulia jirani aliyekosa kufika kwenye kilio. Wanaobisha wataingilia wenyewe. Asiyejua kusoma akitaka kukaa asikilize, mkaribisheni. Mara nyingi ndiye atakayeuliza swali ambalo ninyi nyote mlilipita.

Kwa mzunguko wa kwanza napendekeza Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobel mwaka 2021. Ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kijana Yusuf anatolewa kulipa deni la baba yake, kisha anachukuliwa kwenye msafara wa mfanyabiashara wa pwani unaokwenda bara. Watu wa pwani wanaisoma kama safari ya kwenda mbali. Sisi tuko upande wa huko wanakokwenda, na ubishi wa likelemba yenu utaanzia hapo. Agizeni nakala mbili. Ya kwanza itakwama kwa mtu.